Kishika Uchumba si Mahari: Mwongozo kwa Aliyeambiwa "Sasa Utakuwa kwa Mkataba"

Siku utakayoitwa ofisini na kuambiwa kwa sauti laini kwamba kuanzia mwezi ujao hutakuwa tena mwajiriwa, "utakuwa kwa mkataba", usishike kalamu. Shika kiti. Omba maji ya kunywa. Kisha uliza swali moja tu: mkataba gani?

Neno hili tumelibebesha mizigo miwili, na wengi huja kuitambua mizigo yenyewe wakiwa wameshajitwika. Yupo anayesema "nipo kwa mkataba" akimaanisha mkataba wa ajira wa muda maalumu, wa mwaka mmoja au miwili. Huyo ni mwajiriwa kamili. Anakatwa PAYE kwa viwango vile vile vya mwenzake wa ajira ya kudumu, mwajiri anamchangia NSSF, ana likizo ya mwaka ya siku 28, na akiugua sheria inamtambua. Anachomzidi mwenzake ni kujua tarehe ya mwisho. Na yupo anayesema maneno hayo hayo ilhali alichosaini ni mkataba wa huduma. Huyu hana bosi, ana mteja. Huyu ni mfanyabiashara, hata kama mali yote ya biashara ni kichwa chake, kompyuta moja na meza ya kulia chakula. Mbele ya TRA amesimama foleni moja na mwenye duka la saruji.

Nimefanya kazi ya hesabu za mishahara Dar es Salaam kwa miaka mingi, na nimewaona watu wakihamishwa kutoka chumba cha kwanza kwenda cha pili bila kuambiwa kwamba wamehama hata nyumba. Mwongozo huu ni wao. Nitautoa kwa utani, kama anavyofanya somo anapomwandaa mwari: anacheka, anapiga vigelegele, lakini neno analosema ni la kushikwa. Na kwa kuwa nimemtaja somo, twende moja kwa moja kwenye mambo ya posa, maana sijaona mfano unaoieleza kodi hii vizuri zaidi.

Mwajiriwa ana mshenga. Mshenga ni mwajiri. Kila mwezi huyu mshenga anakaa chini, anahesabu mahari yote, anaitoa kwenye mshahara kabla haujakufikia, na anatakiwa kuifikisha ukweni ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha. Wewe unaletewa karatasi inayosema mambo yamekwisha. Kama mshahara huo ndio pato lako pekee, kwa kawaida hata ritani ya mwaka hudaiwi. Unaweza kufanya kazi miaka 30, ukastaafu, ukachezewa ngoma ya kuagwa, na usijue lango la ofisi ya kodi limepakwa rangi gani.

Mtoa huduma naye anakatwa, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Mteja anapomlipa anazuia asilimia 5 na kuipeleka TRA. Inaitwa kodi ya zuio. Mtu anatazama karatasi yake, anaona neno "kodi", anaona pesa imeondoka, anahitimisha kwamba amelipa. Hajalipa. Ile asilimia 5 ni kishika uchumba. Ni alama kwamba mazungumzo yameanza na wakwe wanakufahamu. Mahari yenyewe itahesabiwa kwa mapato ya mwaka mzima, na utaipeleka mwenyewe, kwa miguu yako, bila mshenga.

Mwaka juzi alinijia kijana wa jirani, mbunifu wa michoro, mikono imejaa makaratasi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, kaa."

"Mama, nimeonewa. Nadaiwa milioni mbili na laki nne na ushee, na mimi kila mwezi nakatwa. Hii hapa, tazama. Elfu sabini na tano, elfu sabini na tano, miezi yote kumi na miwili."

"Wanakukata asilimia ngapi?"

"Tano."

"Na yule mnayekaa naye meza moja, aliyeajiriwa, yeye anakatwaje?"

Akanyamaza. Alikuwa anajua. Kwa mwaka mzima alikuwa akimhurumia yule mwenzake.

Hesabu yake naiweka hapa yote, kwa sababu maneno matupu katika jambo hili hayajamsaidia mtu. Nasema habari za Bara, na viwango ni vilivyopo tangu Julai 2021. Shilingi 270,000 za kwanza za mwezi hazikatwi. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, hadi 760,000 ni asilimia 20, hadi 1,000,000 ni asilimia 25, na kinachozidi milioni ni asilimia 30. Mwaka mzima ni viwango hivyo hivyo mara 12: mapato yanayotozwa yakifika 12,000,000 kodi yake ni 1,536,000, na kila shilingi ya juu yake inatoa asilimia 30. Viwango hivi ni vya wote wawili, mwajiriwa na mtoa huduma. Hakuna meza ya wenye mkataba yenye bei nafuu.

Yule mwajiriwa wa meza moja analipwa 1,500,000. Kwanza inatoka asilimia 10 ya NSSF, 150,000, na kodi inahesabiwa kwenye kinachobaki, 1,350,000. PAYE yake inakuwa 233,000. Anapeleka nyumbani 1,117,000. Kijana wangu naye alikuwa akitoa ankara ya 1,500,000 hiyo hiyo. Inazuiwa 75,000, anapokea 1,425,000. Yaani kila mwisho wa mwezi anamzidi mwenzake kwa 308,000, na hiyo laki tatu ndiyo iliyompangishia chumba kikubwa zaidi, ndiyo iliyomchangia binamu yake harusi.

Sasa mwaka umekwisha. Ankara 12 ni 18,000,000. Hakuwa na risiti hata moja, kwa hiyo zote zimehesabiwa kuwa mapato yanayotozwa. Kodi: 1,536,000, ongeza asilimia 30 ya milioni 6 zilizozidi, jumla 3,336,000. Toa 900,000 zilizozuiliwa. Deni: 2,436,000. Igawe kwa miezi 12, ni 203,000 kila mwezi. Kumbe kati ya ile 1,425,000 aliyokuwa akipokea, 203,000 haikuwa yake hata siku moja. Ilikuwa ya wakwe, imelala kwake kwa muda.

Kwa hiyo agizo la kwanza la mwongozo huu, na ukilishika hili peke yake sitakulaumu kwa mengine: fungua akaunti ya pili. Isiwe na kadi. Isiunganishwe na simu. Siku ankara inapolipwa, kabla hujamjibu mtu yeyote salamu, hamishia huko sehemu ya kodi. Kwa kipato cha kijana huyu asilimia 15 ingetosha na kubaki kidogo. Hiyo akaunti usiipe jina la kupendeza. Iite Mahari. Siku unapotamani kuigusa, jina litakushika mkono.

Agizo la pili ni la risiti, nalo linataka kueleweka pande zote mbili. Upande wa kwanza ni haki ambayo mwajiriwa hana. Mwajiriwa hatozwi kodi baada ya kutoa nauli ya daladala na bando la intaneti. Anatozwa kwenye mshahara. Mtoa huduma ni mfanyabiashara, na mfanyabiashara anatozwa kwenye faida: mapato toa gharama zilizotumika kuyapata. Kompyuta unayofanyia kazi (hiyo hutolewa kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, kadiri inavyochakaa), bando, programu unazolipia, wino, kodi ya chumba cha ofisi, fundi uliyemlipa akusaidie. Kijana wangu alitumia kama milioni 3 mwaka ule katika mambo ya namna hiyo. Kama angekuwa na risiti halali za EFD, na gharama hizo zikakubaliwa zote, mapato yake yanayotozwa yangeshuka hadi milioni 15 na deni lingekuwa 1,536,000. Tofauti ni 900,000, na ilipotelea kwenye kaunta za maduka, kila aliposema "acha tu, sihitaji risiti". Unaihitaji. Hiyo karatasi nyepesi inayofifia juani ni pesa. Ipige picha siku hiyo hiyo kabla maandishi hayajayeyuka.

Upande wa pili ni onyo. Wapo watakaokunong'oneza kwamba dawa ya kodi ni kununua vitu, hasa Desemba. Fikiri. Ukitumia 100,000 kwa kitu cha kazi, kodi yako inapungua kwa 30,000. Zile 70,000 zimekwenda kabisa. Kama kitu unakihitaji, nunua na udai risiti. Kama hukihitaji, umechoma laki moja ili upate joto la elfu thelathini. Na sare ya harusi ya binamu si gharama ya biashara, hata ukiishona kwa rangi za nembo yako.

Kalenda nayo ina desturi zake. Mwajiriwa ana tarehe moja tu moyoni, ya mshahara. Mtoa huduma anayefuata mwaka wa kawaida ana nne: 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Mwanzoni mwa mwaka unapeleka makadirio, unasema natarajia kupata kadhaa, na kodi yake unailipa kwa awamu hizo nne. Mwaka ukiisha una miezi sita ya kuwasilisha ritani yenye hesabu halisi. Watu huogopa makadirio kama wanaapishwa. Ni makadirio. Kazi zikipungua katikati ya mwaka, unarudi na kuyarekebisha. Asiyekwenda kabisa ndiye anayewekewa riba na adhabu, na riba haina likizo.

Mshahara mdogo sana au mkubwa sana nauruka, viwango vimeshajieleza. VAT pia nitaipita haraka: kiwango cha mauzo cha kujisajili ni shilingi milioni 200 kwa mwaka tangu Julai 2023, lakini wenye taaluma, kama wanasheria, wahandisi na wahasibu, wana sharti lao la kujisajili hata wakiwa chini ya hapo. Kama ni mmoja wao, uliza mapema.

Kuna jambo moja la kishika uchumba ambalo sitalipita haraka. Anayekibeba anaweza kukila. Mteja anakuzuilia 75,000, anakuonyesha kwenye karatasi, na haifiki kokote. Nawe siku ya ritani unasema "nimeshatoa 900,000" na ukweni wanakutazama tu. Ushahidi wako ni cheti cha kodi ya zuio. Kila malipo yana cheti chake, chenye namba yako ya mlipakodi. Kidai mwezi huo huo, wakati mtu wa hesabu bado anakumbuka sura yako. Mimi mwenyewe niliwahi kufanya kazi ya miezi minane kwa kampuni moja, wakanizuilia mara nane, nikapata vyeti vitatu. Vile vitano nilivifuatilia kwa miezi saba. Nilikuwa najua sheria, nilikuwa najua mlango wa kugonga, na bado ilinichukua miezi saba. Nikimfikiria asiyejua, moyo unaniuma.

Turudi ofisini, kwenye kile kiti. Bosi anasema: "Tutakulipa ile ile milioni moja na nusu, tena makato yanapungua." Anasema kweli, lakini hajasema ya upande wake. Mwajiriwa wa 1,500,000 haimgharimu kampuni 1,500,000. Inaongeza 150,000 za NSSF kama mchango wa mwajiri. Ikiwa na wafanyakazi 10 au zaidi inalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, asilimia 3.5, yaani 52,500. Inalipa asilimia 0.5 kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, 7,500. Jumla 1,710,000. Unapohamia mkataba wa huduma, hizo 210,000 zinabaki mfukoni mwa kampuni, na mzigo zilizokuwa zikiubeba unahamia begani kwako. Ukiteleza kwenye ngazi za ofisi yao, fidia ya Mfuko si yako tena.

Tazama tena wale wawili wa meza moja. Mwajiriwa anapata 1,117,000 mkononi, na 300,000 zinaingia NSSF kwa jina lake kila mwezi, zake na za mwajiri. Jumla 1,417,000. Kijana wangu, baada ya kuondoa kodi halisi, alikuwa na 1,222,000, na uzee wake haujachangiwa hata senti. Yule aliyekuwa akimhurumia alikuwa mbele yake kwa 195,000 kila mwezi, bila kuhesabu likizo.

Basi agizo la tatu: usikubali bei ya mshahara kwa kazi ya biashara. Hata ukiomba 1,710,000, ambazo kampuni ilikuwa inatoa tayari, baada ya kodi zinabaki 1,369,000, bado hujamfikia mwajiriwa, kwa sababu mchango wake wa NSSF unatoka kabla ya kodi. Na wewe ukipumzika hulipwi. Ukifanya kazi miezi 11 na kupumzika mmoja, 1,900,000 kwa mwezi itakuacha na wastani wa 1,391,000. Hapo ndipo karibu na ulipokuwa. Sema 1,900,000 bila kukohoa. Wakikataa, angalau mmejua wote wawili kinachouzwa. Na ukishalipwa, nenda NSSF ujiandikishe mchangiaji wa hiari, hawamfukuzi anayejiajiri.

Nimeacha mwisho lililo zito. Wengi wanaoambiwa wako kwa mkataba wa huduma hawako. Wanaingia saa mbili asubuhi, wanaomba ruhusa kwenda msibani, wanatumia kompyuta ya kampuni, wamevaa fulana ya kampuni, na hawajawahi kuwa na mteja mwingine. Kilichobadilika ni kichwa cha karatasi. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inakijua kichwa hicho na haidanganyiki nacho. Imeweka vipimo saba. Namna unavyofanya kazi inaongozwa na mtu mwingine? Saa zako zinapangwa na yeye? Wewe ni sehemu ya taasisi yake? Umemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita? Unamtegemea yeye kiuchumi? Anakupa vifaa vya kazi? Unamfanyia yeye peke yake? Kimoja tu kikiwepo, sheria inakuchukulia kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kimoja. Sheria ya Kodi ya Mapato nayo, ya mwaka huo huo, inapotaja ajira haiishii kwa mwenye barua ya ajira. Inaifikia hata nafasi inayompa mtu ujira wa kila kipindi kwa huduma anazotoa. Kwa hiyo mwajiri anayekuvisha koti la mfanyabiashara anaweza kujikuta anadaiwa PAYE ambayo hakuikata.

Hivyo vipimo saba nakuomba uvisome kwa sauti mbele ya kioo, umevaa ile fulana. Ukijiona mwajiriwa, lipo jukwaa la kusikilizwa: Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Kama umeachishwa, siku zako za kwenda ni 30, na zinakimbia. Simhimizi mtu agombane na anayemlisha. Najua kodi ya nyumba inadaiwa leo na shauri linaamuliwa kesho kutwa. Lakini mtu aliyekatwa haki zake kwa neno moja lenye maana mbili anastahili kujua kwamba sheria iliandikwa kwa ajili yake, kabla hajaamua kunyamaza au kusema.

Yule kijana tulikaa naye usiku ule mpaka saa nne, tukapanga makaratasi juu ya mkeka kwa miezi. Deni la mwaka wa kwanza aliomba kulilipa kwa awamu. Mwaka uliofuata alifungua akaunti ya pili. Mwezi wa tatu mwaka huu alinigongea tena, safari hii ana faili moja tu, la bluu.

"Mama, vyeti vya Januari na Februari hivi hapa. Cha Desemba hawajanipa."

"Wanasemaje?"

"Wanasema nirudi kesho."

"Basi rudi kesho," nikamwambia, "na keshokutwa."